"Hii haitengenezeki": yanayosemwa kuhusu pikipiki za zamani, na ukweli wake

Kwenye karakana ya kwanza hata hatukuishusha. Fundi aliitazama Yamaha DT 125 ya marehemu baba ikiwa bado juu ya kirikuu, akauliza, "Hiyo si ile ya kuchanganya oili?" Nikamjibu ndiyo. "Bosi, hapa tunafanya Boxer na TVS. Hiyo haitengenezeki." Karakana ya pili waliipokea, ikakaa uani wiki sita, nikarudishiwa kabureta ikiwa vipande vipande ndani ya ndoo. Ya tatu walitaka kuipima kwa kilo kama chuma chakavu.

Leo inatembea. Mwezi uliopita imenipeleka kijijini na kunirudisha. Sikumpata fundi wa miujiza. Niligundua tu kwamba mengi niliyoambiwa kuhusu pikipiki ile yalikuwa nusu ukweli, na mengine hayakuwa kweli kabisa. Kwa kuwa bado naona watu wakiuza mashine nzima kwa bei ya kutupa baada ya kuambiwa maneno yaleyale, nayaandika hapa.

"Fundi akikataa, ujue imekufa"

Fundi anapokataa, mara nyingi anazungumzia siku yake, wala si pikipiki yako. Boxer ikija kubadilishwa cheni na sproketi, baada ya saa moja kazi imekwisha, amelipwa, na dereva amerudi kutafuta abiria. Pikipiki yenye miaka 30 inaweza kumkatikia bolti moja ndani ya aluminiamu, na siku nzima ikaishia kwenye bolti hiyo. Mteja hatamlipa siku nzima kwa ajili ya bolti. Zaidi ya hapo, mashine kama hizi zimeshapitia mikono mingi, na kila aliyeifungua ameacha jambo lake ndani: waya uliounganishwa kienyeji, gasketi ya katoni, nyuzi za bolti zilizoliwa. Anayeigusa wa mwisho ndiye anayelaumiwa kwa yote. Tena wapo wateja wanaoziacha na wasirudi, na nafasi ya karakana ni pesa.

Hili si la Bongo peke yake. Marekani, maduka mengi ya mawakala hukataa pikipiki iliyozidi miaka 10 au 15, kwa sababu hizihizi.

Ukishaelewa anaogopa nini, unabadili ombi. Kumwambia fundi "itengeneze iwake" ni kumkabidhi mzigo usio na mwisho. Kumwambia "nibadilishie oili sili ya upande wa magneti, sili hii hapa, bolti zote nimeshazilegeza" ni kumpa kazi ya saa mbili. Fundi yule aliyeniambia haitengenezeki ndiye aliyenifungia klachi miezi minne baadaye, na aliifunga vizuri.

"Spea zake hazipo tena"

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Ukiingia dukani Kariakoo au Kirinyaga Road kule Nairobi ukasema "nataka spea ya DT ya zamani", utajibiwa hakuna kabla hujamaliza sentensi. Muuzaji anatafuta jina, na jina hilo halimo kwenye rafu zake. Lakini sehemu kubwa ya pikipiki haikutengenezwa kwa jina. Ilitengenezwa kwa namba.

Chukua beringi. Ifute kwa kitambaa na petroli, utaona namba imechongwa ubavuni. Ikiwa ni 6203, basi popote duniani beringi hiyo ina tundu la milimita 17, kipenyo cha nje 40 na unene 12. Ikiwa ni 6204, ni 20, 47 na 14. Haijui kama inakaa kwenye Yamaha, kwenye pampu ya maji au kwenye mashine ya kusaga. Oili sili, ile raba ya kuzuia oili isivuje kwenye shafti, nayo huandikwa namba tatu, mfano 20 40 7: tundu la ndani, kipenyo cha nje, unene. Cheni ikiandikwa 428, hatua yake, yaani pini hadi pini, ni milimita 12.7, na ndiyo cheni iliyoko kwenye bodaboda nyingi zinazopita mlangoni kwako sasa hivi. Unachohesabu ni pingili tu.

Plagi hali kadhalika. NGK B8ES inauzwa hadi leo. D8EA ya Honda nyingi ndogo pia. Hapo zingatia kitu kimoja: kwenye plagi za NGK, namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo usikubali "hii inafanana" kama namba ni tofauti.

Pistoni ndiyo yenye jina lake, lakini hata hiyo ina mfumo. Wajapani walitoa pistoni za kuongezea ukubwa kwa hatua za robo milimita. DT 125 ilitoka kiwandani na silinda ya milimita 56. Ikilika unachonga hadi 56.25, kisha 56.50, 56.75, na 57. Tazama kichwani pa pistoni uliyonayo: ukikuta imegongwa 50, ujue imeshachongwa nusu milimita na bado ina hatua mbili za maisha.

Na namba ya kiwanda ya kifaa nayo inazungumza. Kwenye Honda, tarakimu tano za mwanzo hutaja ni kifaa gani (13101 ni pistoni ya kipimo cha kawaida), na kundi linalofuata hutaja modeli ambayo kifaa hicho kilitengenezewa kwanza. Yamaha hutanguliza msimbo wa modeli. Ndiyo maana kifaa cha pikipiki yako kinaweza kuwa na msimbo wa pikipiki nyingine kabisa, na kikawa ndicho chenyewe. Katalogi za vifaa zenye michoro zipo bure mtandaoni. Usiku mmoja wa bando uliniokolea mizunguko mingi ya madukani.

Kwa hiyo, usipeleke pikipiki dukani. Peleka kifaa, kikiwa safi, na karatasi ya vipimo.

"Honda ya zamani na pikipiki ya Kichina haviingiliani"

Jirani yangu ana Honda CG125, na kwa miaka mingi aliamini hivi. CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliisanifu makusudi kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na hukosa sevisi, wakaacha mtindo wa kamshafti ya juu na kuweka fimbo za kusukuma vali. Injini hiyo ndiyo viwanda vya China vilivyoiga, na ndiyo iliyokuja chini ya majina chungu nzima wakati pikipiki za Kichina zilipomiminika Afrika Mashariki. CG125 ya Honda ina silinda ya 56.5 na mwendo wa pistoni wa 49.5, injini za Kichina za CG125 zina vipimo hivyohivyo, na hata zile za cc 150 zimeongeza upana hadi 62 na kuacha mwendo uleule.

Sisemi kila kitu kinaingia. Viwanda vimebadilisha hili na lile, na ubora unatofautiana sana. Beba kifaa cha zamani, kiweke juu ya kaunta kando ya kipya, pima matundu. Lakini jirani alipata gasketi, klachi na ringi katika duka lilelile alilokuwa akilipita kila siku akienda kazini.

"Tafuta fundi mmoja anayejua kila kitu"

Huyo yupo, lakini ni mzee na ana foleni. Njia iliyonifaa ni kuigawa kazi. Koili ya magneti ilipoungua, sikuipeleka kwa fundi pikipiki. Niliipeleka kwa fundi wa kusuka mota za pampu na feni. Alihesabu mizunguko ya waya wa zamani, akapima unene wake, akasuka upya. Nyufa za kava la aluminiamu alizichomea fundi mwenye gesi ya agoni, ambaye kazi yake ya kila siku ni rejeta za malori.

Silinda niliipeleka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa mzee mmoja mkerezaji. Baada ya shikamoo na marahaba, swali lake la kwanza lilikuwa, "Pistoni iko wapi?" Nikamwambia nitainunua akishachonga. Akanirudishia silinda mkononi. "Kanunue kwanza, ndipo uje. Mimi nachonga nikifuata pistoni, sichongi nikifuata maneno."

Alikuwa sahihi kabisa. Nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda kwenye injini ndogo kama hizi ni takriban sehemu nne za mia za milimita, chini ya unene wa unywele. Pistoni mbili zilizoandikwa 50 zinaweza kupishana kwa kiasi hicho. Ikibana, itanata ikipata moto, ikilegea, itagonga.

Tena alifanya jambo ambalo wachongaji wengi waliozoea injini za vali hawalijui. Injini ya mipigo miwili kama ya DT, ile ya kuchanganya oili, haina vali za namna hiyo. Ina madirisha kwenye ukuta wa silinda, na ringi hupita juu ya madirisha hayo maelfu ya mara kwa dakika. Baada ya kuchonga, kingo za madirisha hubaki kali kama wembe. Mzee alikaa na kijiwe kidogo cha kunolea, akavunja makali ya kila dirisha, juu na chini, taratibu, akipitisha kucha kila mara hadi isikwame. Bila kazi hiyo ringi hunasa na kuvunjika, kisha watu husema silinda za kuchonga hazidumu.

"Skrubu za Kijapani ni laini, zinaliwa"

Haziliwi kwa ulaini. Ule msalaba unafanana na wa bisibisi ya kawaida ya nyota, lakini ni kipimo cha Kijapani, JIS, na nyingi zina kidoti kidogo kichwani kama alama. Bisibisi ya kawaida haifiki chini, inapanda na kuruka, inaila. Tafuta bisibisi ya JIS, na zilizoganda zifungue kwa ile bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Kwa kifaa hicho kimoja utafungua kava ambazo mafundi watatu wameziogopa.

"Zinahitaji petroli ya risasi"

Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeacha petroli ya risasi kufikia mwanzo wa 2006, na bado naambiwa hili. Risasi ilisaidia kulinda vikalio vya vali. DT haina vali zenye vikalio hivyo. Na Japani walikuwa na petroli ya kawaida isiyo na risasi tangu katikati ya miaka ya 1970.

"Toa injini, funga ya Kichina"

Inawezekana, na kwa wengine ndiyo njia ya kupata riziki kesho. Lakini hesabu vizuri: vikamatio vya chesisi lazima vichomelewe upya, mstari wa cheni upatane, waya zisukwe upya. Na namba ya injini imeandikwa kwenye kadi. Ukibadili injini lazima TRA, mamlaka ya mapato, wajulishwe, la sivyo siku ya kuuza au ya kusimamishwa barabarani namba hazitafanana. Binafsi ningefanya hivyo tu kama bloku la chini limepasuka.

"Pampu ya oili ndiyo mchawi, itoe"

Ni pampu inayoipelekea injini oili yenyewe. Ukiitoa, unachanganya mwenyewe tankini: lita 5 za petroli kwa mililita 200 hadi 250 za oili ya mipigo miwili, kulingana na oili na kitabu cha pikipiki. Inafanya kazi. Hatari ni siku mdogo wako atakapoiazima na kujaza petroli tupu. Pampu nyingi "mbovu" zina hewa kwenye mpira tu, kwa sababu aliyeifungua hakuitoa hewa alipoirudisha.

"Ikitoa moshi mwingi, injini imekwisha"

Ya baba ilitoa moshi mweupe uliofunika barabara, na wote walisema pistoni. Nikainunua, ikafungwa, moshi ukabaki vilevile. Nilichokuwa sijakitazama ni oili ya gia boksi: ilikuwa ikipungua, na chini hapakuwa na tone. Ilikwenda wapi? Sili ya krenki upande wa klachi ilikuwa imekauka, injini inaivuta oili ya gia na kuichoma. Sili ya upande wa pili, wa magneti, ikifa haikuonyeshi moshi. Inavuta hewa, mzunguko unapanda na haushuki ukiachia mafuta, joto linazidi, pistoni inanata. Hiyo ndiyo ya kuogopa zaidi, na mara nyingi hubadilishwa bila kupasua injini.

Yangu ilibidi ipasuliwe. Niliipata sili kwenye duka la sili za matrekta na pampu, kwa namba zake tatu. Muuzaji alikuwa na ya mpira wa kawaida na ya Viton, nikachukua ya Viton kwa kuwa inavumilia petroli na joto zaidi. Tulipoifunga nilipima oili ya gia kwenye chupa kabla ya kuitia, nikaweka alama kwa kalamu. Siku ya kwanza moshi uliendelea kwa karibu nusu saa, oili iliyolala kwenye bomba ikiisha kuungua, kisha ukakata. Baada ya wiki mbili niliimwaga oili yote kwenye chupa ileile. Ilifika kwenye alama.