Upatanifu wa vifaa vya nyaya za mtandao: ni nini hasa, na hupimwaje

Upatanifu ni hali ya plagi ya kampuni moja kuingia kwenye soketi ya kampuni ya pili, iliyofungwa kwenye kebo ya kampuni ya tatu, na laini nzima ikabaki ndani ya kiwango chake. Kuingia si tatizo. Umbo na vipimo vya RJ45, yaani plagi na soketi ya kawaida ya mtandao yenye pini nane, vimewekwa na kiwango cha IEC 60603-7, kwa hiyo karibu kila plagi itaingia na ulimi wake utajifunga. Shida iko kwenye umeme.

Waya nane za kebo, zilizosokotwa kwa jozi, ndani ya plagi hulala sambamba bila msokoto, na jozi ya pini 3 na 6 huizingira jozi ya 4 na 5 kutoka pande zote mbili. Hapo ishara ya jozi moja huvujia jozi jirani. Uvujaji huo ukipimwa kwenye ncha ileile ishara inakoingilia huitwa NEXT, na huandikwa kwa desibeli. Namba ikiwa kubwa, uvujaji ni mdogo. Mtengenezaji wa soketi hawezi kuuondoa, maana umo kwenye plagi. Anachofanya ni kuzipanga pini na njia za shaba za soketi yake zizalishe uvujaji wa kiasi kilekile ulio kinyume, ili viwili hivyo vifutane. Soketi, basi, hutengenezwa kwa kuikadiria plagi. Plagi ikivuja kupita makadirio, soketi hupungukiwa. Ikivuja kidogo mno, soketi hupitiliza. Namna zote mbili laini inaharibika.

Kiwango cha Cat6 (daraja la sita la nyaya za mtandao), kilichotolewa na TIA, shirika la Marekani la viwango vya mawasiliano, mwaka 2002, kililikabili jambo hili kwa kuipangia plagi mipaka, wa chini na wa juu, kisha kuitaka soketi ifaulu kwa plagi za majaribio zinazofika mipaka yote miwili. Zikishaunganishwa, plagi na soketi lazima zifikie NEXT ya desibeli 54 kwenye masafa ya MHz 100, na 46 kwenye MHz 250. Cat5e, daraja lililoitangulia, iliridhika na 43 kwenye MHz 100. Ndiyo maana kwenye karatasi ya bidhaa tafuta maelezo kwamba soketi yenyewe, ikiwa peke yake, inakidhi Cat6. Karatasi ikisema tu kwamba chaneli nzima, yaani njia yote toka kifaa hadi kifaa, ilifaulu, huenda kampuni ilioanisha plagi na soketi zake yenyewe, na hujui zitafanya nini zikikutana na za mwingine.

Kazini hupimwa mambo mawili, na mafundi wengi huyachanganya. Laini ya kudumu ni kebo ya ukutani, isiyozidi mita 90, pamoja na soketi za ncha zake. Kichwa cha kipimaji kwa kazi hii kina plagi maalumu iliyo katikati ya mipaka, hivyo laini iliyofaulu itazipokea pachi kodi (kebo fupi za kuunganishia vifaa) za kampuni yoyote, mradi nazo zinakidhi kiwango. Chaneli ni mita 100 pamoja na pachi kodi zenyewe. Ukibadilisha kodi moja baada ya kupima, cheti cha kipimo hicho hakina nguvu tena. Kitesta cha taa kinachoonyesha waya 1 hadi 8 hakioni lolote kati ya haya.

Ukilazimika kuchanganya kampuni, jenga sampuli kabla ya kununua mzigo wote. Funga laini mbili, moja ya mita 90 na nyingine ya mita 15. Fupi ndiyo kali zaidi: kwenye ndefu, uvujaji wa soketi ya mbali hufifia njiani kabla ya kukifikia kipimaji. Pima laini za kudumu hadi MHz 250, kutoka ncha zote mbili. Kisha pima chaneli kwa kodi za kila kampuni, ukiangalia akiba ya desibeli (ziada juu ya kiwango) ya jozi 3-6 dhidi ya 4-5. Laini ya kudumu ikiwa sawa lakini akiba ya chaneli ikaporomoka kwa kodi fulani, shuku kodi hiyo kabla ya kugusa soketi.

Mara nyingine chanzo ni chepesi zaidi. Waya ya Cat6 yenye kipenyo cha milimita 0.57 hugoma kuingia kwenye plagi iliyokusudiwa waya ya 0.51, fundi huisukuma kwa nguvu, msokoto unafunguka kupita milimita 13, na NEXT inaanguka. Plagi ya meno ya waya za nyuzinyuzi hushika vibaya waya ngumu ya uzi mmoja, na laini hukatikakatika baada ya miezi. Plagi ya simu ikichomekwa kwenye soketi ya RJ45 inaweza kupinda pini 1 na 8. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba haimo kabisa kwenye kiwango, hata ikiandikwa Cat6: ukinzani wake ni mkubwa, na kamera inayopokea umeme kupitia kebo hiyo huzimika laini ikiwa ndefu. Kipimaji kikionyesha ukinzani wa jozi, wa kwenda na kurudi, unaozidi omu 21 kwenye laini ya kudumu, kagua kebo kwanza.