Je, wajua kwa nini Louis Armstrong alizifunga barua zake kwa maharage mekundu na wali?

Mpiga tarumbeta Louis Armstrong, aliyezaliwa tarehe 4 Agosti 1901 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, alikuwa mwandishi wa barua asiyechoka. Alisafiri na taipureta yake, akawaandikia marafiki na hata mashabiki, na nyingi katika barua hizo alizifunga kwa maneno "Wako kwa maharage mekundu na wali", mahali ambapo wengine huandika "Wako mwaminifu". Je, ni kwa nini mtu aliyefikia uwezo wa kuagiza chakula chochote akatia katika saini yake chakula cha watu wasio na kitu?

Jibu lianzie kwenye beseni la kufulia. Kabla ya mashine za umeme, Jumatatu ndiyo iliyokuwa siku ya kufua New Orleans, na kufua kulimaliza siku nzima: kuchota maji na kuyachemsha, kusugua, kusuuza, kutia wanga, kukamua na kuanika. Mwanamke mwenye kazi hiyo hakuwa na nafasi ya kusimama jikoni. Maharage yaliyolowekwa tangu Jumapili usiku yalibandikwa asubuhi pamoja na mfupa wa paja la nguruwe uliobaki kwenye mlo wa Jumapili, yakaachwa kwenye moto mdogo, na mpishi akapita mara mojamoja kukoroga na kuongeza maji. Jioni kilichobaki kilikuwa kupika wali tu. Mashine zimekuja, lakini desturi haikuondoka, na hadi leo mikahawa mingi ya mji huo huandaa maharage mekundu kila Jumatatu.

Armstrong aliijua kazi hiyo kwa karibu. Miaka yake ya mwanzo alilelewa na bibi yake mzaa baba, Josephine, aliyejipatia riziki kwa kuwafulia na kuwapigia pasi Wazungu, na mara nyingine mjukuu alifuatana naye kazini. Kwa hiyo chakula hiki hakikuwa kwake kitoweo cha mji kwa jumla, bali cha wanawake hasa waliomlea.

Chakula chenyewe ni cha watu waliohamishwa. Maharage haya asili yake ni bara la Amerika, na inaaminika kwamba mapishi yake yaliimarika New Orleans kwa kuja kwa wakimbizi wa mapinduzi ya Haiti, ambao katika miaka ya 1809 na 1810 waliingia mjini kutoka Cuba, walikokuwa wamekimbilia kwanza, zaidi ya 9,000, wakiwamo watu huru weusi na watumwa, hata idadi ya wakazi ikakaribia kuongezeka maradufu. Mpunga nao una historia chungu zaidi. Manahodha wa meli za kwanza za watumwa zilizofika Louisiana mwaka 1719 walikuwa wameagizwa kununua mbegu za mpunga huko Afrika Magharibi, na pamoja nazo watu wanaojua kuulima. Ujuzi wa mkulima ukawa bidhaa pamoja na mwili wake.

Msomaji aliyezoea maharage ya nazi hatashangazwa na uzito wa rojo lake, ingawa hapa hakuna nazi hata tone. Vitunguu, pilipili hoho na seleri hukaangwa kwanza katika mafuta ya nyama, kisha maharage huchemka kwa saa kadhaa hadi maganda yake yapasuke. Karibu na mwisho, mpishi huyaponda baadhi yake kwa mwiko kwenye ukuta wa sufuria, na wanga unaotoka ndio unaoufanya mchuzi uwe mzito na laini. Ni lazima maharage hayo yachemke sawasawa, kwa maana maharage mekundu yasiyoiva yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara.

Mama yake Armstrong, Mary Albert, ambaye watu walimwita Mayann, alikuwa fundi wa kupika kwa senti chache. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1954, Armstrong anasimulia jinsi alivyotumwa soko la Poydras kununua vichwa vya samaki vya senti 15, na jinsi mama alivyovigeuza kuwa mchuzi wa nyanya ambao yeye aliuona unamfaa mfalme. Alipokamatwa kwa kufyatua bastola hewani usiku wa kuamkia mwaka 1913, akapelekwa katika nyumba ya kurekebishia watoto weusi, alipakuliwa maharage meupe bila wali. Siku za kwanza akakataa kula, mpaka njaa ikamshinda. Mimi naona kwamba kisa hicho kidogo kinaeleza saini yake kuliko sifa zozote za ladha: alichokikosa mle ndani kilikuwa wali wa kwao.

Mwezi Agosti mwaka 1922 alipanda treni kwenda Chicago kujiunga na bendi ya mwanamuziki King Oliver, na Mayann alimfungia mkate mkubwa uliotiwa samaki, kwa sababu katika safari za kusini watu weusi hawakuweza kutegemea kuhudumiwa mezani kama wengine. Ubaguzi huo ulimfuata hata baada ya jina lake kuwa kubwa. Mwaka 1956 Louisiana ilipitisha sheria iliyokataza weusi na Wazungu kutumbuiza pamoja jukwaani, na kwa kuwa bendi yake ilikuwa na wanamuziki wa rangi zote mbili, alikataa kupiga muziki New Orleans hadi mwaka 1965. Miaka yote hiyo mji ulibaki katika saini yake. Sheria ya jimbo haikuwa na mamlaka juu ya sufuria.

Sufuria hiyo ilifika hadi New York. Kabla ya kumwoa mke wake wa nne, Lucille Wilson, mwaka 1942, Armstrong alimuuliza kama anajua kupika maharage mekundu na wali. Lucille, mcheza dansi aliyekulia Queens, sehemu ya mji wa New York, hakuwa mtu wa kusini, lakini alijifunza, akampikia, na ndoa ikafungwa. Mwaka uliofuata walinunua nyumba Corona, huko huko Queens, na Armstrong akaishi humo hadi alipofariki tarehe 6 Julai 1971. Sasa nyumba hiyo ni makumbusho.

Mapishi yao yamehifadhiwa katika maandishi: maharage yaliyolala majini usiku kucha, nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi na nyingine iliyokaushwa kwa moshi, vitunguu, hoho kidogo, kitunguu saumu na pilipili kavu ndogondogo. Wasiokula nguruwe nao hawakusahauliwa, kwani maandishi hayo yanawaruhusu kutumia mafuta ya kuku, na nyama ya ng'ombe iliyotiwa chumvi mahali pa ile ya moshi.