Chumba cha mgonjwa wa akili: tunayoyaamini Mtwara na Lindi, na yalivyo

Dhana: Apone kwanza, habari ya chumba baadaye.

Ukweli: Chumba ni sehemu ya tiba. Dawa inataka mahali pa kuhifadhiwa, saa ya kumezwa na usiku wa kulala. Anayelala baraza hii leo na ile kesho hukosa vyote, na kukosa usingizi pekee kwaweza kurudisha ugonjwa. Kanada, kati ya 2009 na 2013, watu wasio na makazi wenye maradhi ya akili katika miji mitano walipewa nyumba kwanza, bila sharti la kutibiwa wala kuacha pombe. Walidumu kwenye makazi kuliko wenzao waliohudumiwa kwa utaratibu wa kawaida.

Dhana: Kibanda cha uani kinamtosha.

Ukweli: Hapa tunaumiza watu bila kukusudia. Dawa za ugonjwa wa akili kama klorpromazini hupunguza uwezo wa mwili kujipoza, na zile anazopewa pamoja nazo kuzuia mtetemeko wa mwili hupunguza jasho. Mlaze anayetumia dawa hizo chini ya bati lisilo na dari, Lindi mjini, Novemba, mvua hazijaanza. Halali, anachemka, anaona vidonge ndivyo vinavyomtesa, anaviacha. Kisha tunasema kichaa kimempanda.

Makuti yaliyoezekwa vizuri ni afadhali kuliko bati tupu. Kama ni bati, toboa madirisha mawili yanayotazamana, tandika dari hata ya majamvi, mtungi wa maji uwe karibu. Komeo liwe la ndani: aliyefungiwa kwa nje, moto ukizuka hana pa kutokea. Na chakula ale na wenzake, asisukumiwe sahani mlangoni.

Dhana: Mpangaji wa namna hiyo ni hatari.

Ukweli: Wengi hawamdhuru mtu, wao ndio hupigwa na kuibiwa. Kinachowatoa kwenye chumba cha kupanga ni kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ilhali familia ya wakulima wa korosho hushika fedha minada ikianza, Oktoba hivi. Andikianeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa: tarehe za kulipa zifuate mauzo, na pawepo namba ya ndugu wa kupigiwa. Ugonjwa wenyewe usiandikwe. Ni siri yake.

Dhana: Ni majini, hospitali haihusiki.

Ukweli: Anayetaka kisomo asomewe, ila sindano ya dawa ya akili anayochomwa kila mwezi isirukwe. Hospitali za rufaa za mkoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi. Mkihamia shamba msimu wa korosho, bebeni kadi ya kliniki na vidonge vya kufikisha tarehe ya kurudi.