Meya hakukataa kutangaza dharura, hana mamlaka hayo

Nimelisikia tena juzi, safari hii kutoka kwa mtu ninayemheshimu, mwalimu mstaafu, kwenye mkutano wa mtaa hapa Ilomba, jijini Mbeya. Alisimama akasema: "Wenzetu kule San Francisco, Marekani, meya alitangaza dharura kabla hata mgonjwa wa korona hajapatikana, akawafungia watu ndani, jiji likapona. Wa kwetu alikaa kimya." Watu wakapiga makofi. Nikanyoosha mkono, nikapewa dakika mbili. Dakika mbili hazitoshi, na nimechoka kulijibu hili jambo vipande vipande. Mimi ni wakili, kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa sheria za serikali za mitaa katika mikoa hii ya Mbeya, Songwe na Iringa. Naomba niseme yote mara moja.

San Francisco inatajwa sana na haisomwi. Meya London Breed alitangaza hali ya dharura ya jiji tarehe 25 Februari 2020. Mwalimu yuko sahihi kwamba siku ile hakukuwa na mkazi wa jiji aliyethibitika kuugua. Lakini kesho yake maduka yalifunguliwa, shule zilifundisha, watu walikwenda kazini kama kawaida. Amri ya kukaa nyumbani ilikuja tarehe 16 Machi, karibu wiki tatu baadaye. Aliyeitoa alikuwa afisa afya wa jiji, kwa nguvu ya sheria ya afya ya jimbo la California, siku moja na maafisa afya wa kaunti za jirani. Ni siku ileile ambayo huku kwetu Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona Tanzania, aliyepatikana Arusha.

Kwa hiyo zilikuwa karatasi mbili, sahihi mbili, sheria mbili. Mtu akiniambia "tangazo la dharura" huku kichwani ana picha ya mitaa mitupu, anazungumzia karatasi ya pili akiipa jina la ile ya kwanza.

Ile ya kwanza ilifanya nini basi? Ilishughulika na ofisi na fedha. Jiji liliweza kununua vitu haraka bila kupitia mchakato mzima wa zabuni. Liliweza kuweka sawa madai yake ya kurudishiwa gharama na jimbo na serikali ya shirikisho. Liliweza kuwahamisha watumishi: kwa sheria ya California, mtumishi wa umma anahesabika pia kuwa mtumishi wa maafa, na ndiyo maana wakutubi wa San Francisco walijikuta wameshika simu wakiwatafuta watu waliokutana na wagonjwa. Na meya hakuachiwa peke yake. Tangazo la namna ile lisiporidhiwa na baraza ndani ya siku saba, linakufa.

Sasa turudi Mbeya. Meya wa San Francisco anachaguliwa na wananchi moja kwa moja na ndiye mtendaji mkuu wa jiji, na jiji lenyewe ni kaunti pia, ndiyo maana lina afisa afya wake mwenye meno. Mbeya ni jiji tangu 2005, lakini meya wetu ni diwani aliyechaguliwa na madiwani wenzake. Anaendesha vikao vya baraza, anavaa joho na mkufu, anawakilisha jiji kwenye shughuli. Mtendaji mkuu ni Mkurugenzi wa Jiji, ambaye anateuliwa na Rais. Ndiye Afisa Masuuli, ndiye anayesaini malipo, ndiye atakayejibu hoja za ukaguzi. Juu ya hao kuna Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa, wateule wa Rais nao, wasiowajibika kwa baraza hata kidogo. Kumlaumu meya kwa kutotangaza dharura ni kumlaumu konda kwa barabara aliyoichagua dereva.

Mamlaka ya kutangaza hali ya hatari, ndiyo dharura kwa lugha ya Katiba, yako kwenye Ibara ya 32 ya Katiba ya mwaka 1977, na ni ya Rais. Anaweza kuitangaza kwa nchi nzima au kwa sehemu yake, kwa hiyo kinadharia anaweza kuitangaza kwa Jiji la Mbeya peke yake. Nakala inakwenda kwa Spika, Bunge linakutana ndani ya siku zisizozidi kumi na nne, na azimio la kuunga mkono linahitaji theluthi mbili ya wabunge wote. Ibara hiyohiyo inaruhusu itungwe sheria ya kuwawezesha wasimamizi wa shughuli za Serikali katika sehemu fulani ya nchi kumwomba Rais atumie mamlaka hayo. Kumwomba. Hakuna mahali ambapo diwani, meya au mkurugenzi anatangaza kwa kalamu yake.

Je, ugonjwa unaingia humo? Ibara inataja vita, uvamizi, kuvunjika kwa amani, kisha inataja tukio la hatari au la balaa linalotishia jamii au sehemu ya jamii. Mimi naona mlipuko mkubwa unaingia. Nina mwenzangu hapa mjini, wakili makini kuliko mimi, anayesema hapana: kwamba ugonjwa una sheria yake mahususi, na penye sheria mahususi hukimbilii Katiba. Tumebishana mara nyingi na sijamshinda. Korona haikutusaidia kupata jibu, kwa sababu hali ya hatari ya Ibara ya 32 haikutangazwa. Shule zilifungwa kuanzia tarehe 17 Machi 2020 kwa tamko la Waziri Mkuu, vyuo vikafuata, na tarehe 29 Juni shule zilizobaki zikafunguliwa. Yote yalifanyika kwa maamuzi ya kiutawala.

Sheria mahususi anayoisema ni Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Hii ndiyo inayofanya kazi ugonjwa unapolipuka, na hapa pia sauti ni ya Waziri. Mnakumbuka Marburg ya Kagera mwaka 2023: Waziri wa Afya alitangaza tarehe 21 Machi, na mwisho wa mlipuko ukatangazwa tarehe 2 Juni. Waliozunguka nyumba kwa nyumba kuwafuatilia watu walikuwa wahudumu na maafisa wa huko huko, lakini hakuna baraza la madiwani lililotangaza chochote.

Nafika sasa kwenye jambo linaloniuma kuliko hilo la meya. Kwa kuwa watu wanaamini kila kiongozi ana dharura yake mfukoni, wanapokea kila agizo kana kwamba ni sheria. Gari la matangazo linapita: "Kuanzia kesho ni marufuku kupika na kuuza chakula barabarani." Nani kasema? Mkuu. Kwa kifungu gani? Kimya.

Mwaka mmoja wa kipindupindu, katika mji mmoja wa nyanda hizi, mama ntilie mmoja alikuja ofisini kwangu bado amefunga kanga ya kazini. Mgambo walikuwa wamemwaga wali na maharage yake kwenye mtaro na kuondoka na sufuria mbili, ile ya debe na ndogo ya mboga. Hakuna afisa afya aliyekuwepo. Hakuna aliyepima maji yake wala kuangalia choo cha pale. Hakupewa karatasi yoyote. Akaniuliza: "Mwanangu, ni sheria gani inayochukua sufuria?" Nilimwomba anieleze jiko lake lilivyo, na alinieleza kwa fahari: ndoo yenye koki, sabuni, maji ya kunywa yaliyochemshwa usiku. Sufuria zilirudi baada ya barua moja ya kuomba kutajiwa kifungu. Chakula hakikurudi, wala mtaji wa siku ile.

Sisemi genge chafu la chakula lisifungwe. Lifungwe, na mapema. Afisa afya ana mamlaka ya kuingia, kukagua, kutoa notisi ya kuondoa kero, kuteketeza chakula kisichofaa kuliwa. Mamlaka hayo ni makali kuliko ya gari la matangazo, ila yana utaratibu: mtu anaambiwa kosa lake, anaandikiwa, ana mahali pa kwenda kulalamika. Katiba yenyewe, Ibara ya 13, inakataza mtu kuadhibiwa kwa kitendo ambacho hakikuwa kosa kisheria alipokitenda. Agizo la mdomo haliundi kosa la jinai.

Wanasheria wa halmashauri watanijibu kwamba Kanuni ya Adhabu ina kosa la kukaidi amri halali, na ina kosa la kueneza ugonjwa hatari kwa uzembe. Ni kweli. Ugomvi wetu uko kwenye neno "halali", na nakiri kwamba mbele ya hakimu, mji ukiwa unaugua na wodi zimejaa, sijui kama hoja yangu ingesikilizwa kwa utulivu ninaoiandikia hapa. Kuna mashauri nimeyaogopa kwa sababu hiyo.

Yale madaraka ya Mkuu wa Mkoa na Mkuu wa Wilaya ya kumweka mtu ndani hadi saa 48 chini ya Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 nayo si ya afya. Yanahusu uvunjifu wa amani na makosa ya kukamatwa, yanataka sababu ziandikwe, na muda ukiisha mtu anapelekwa kwa hakimu au anaachiwa. Asiyevaa barakoa hayumo.

Basi jiji halina kitu? Linacho, na hapa ndipo ningependa madiwani wetu wangebanwa, badala ya kuulizwa habari za San Francisco.

Kuna sheria ndogo. Baraza lina mamlaka ya kuzitunga chini ya Sura ya 288, sheria ya mamlaka za miji. Tatizo ni mwendo wake. Idara inaandaa rasimu, mwanasheria anaipitia, wananchi wanapewa nafasi ya kutoa pingamizi, baraza linapitisha, faili linapanda mkoani, linakwenda TAMISEMI, Waziri anasaini, ndipo inachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Kipindupindu hakisubiri Gazeti la Serikali. Sheria ndogo ya dharura inayoanza kuandikwa siku ya mgonjwa wa kwanza itamkuta mgonjwa wa mwisho ameshapona au ameshazikwa.

Kuna mali ya halmashauri yenyewe. Soko la Mwanjelwa ni la jiji. Stendi ni za jiji. Mwenye soko anaweza kubadili saa za kufungua, kuweka mlango mmoja wa kuingilia, kupanga meza mbalimbali na kudai ndoo ya maji kila kizimba, bila kumwomba Rais wala Waziri. Watu hawaioni nguvu hii kwa sababu imekaa kwenye mikataba ya vizimba na hakuna anayeipigia ngoma.

Na kuna ununuzi. Mwaka 2020 kila mlango wa ofisi ulikuwa na ndoo ya kunawia. Wiki ya kwanza maji na sabuni; baada ya muda maji bila sabuni; kisha ndoo tupu yenye vumbi. Sababu haikuwa ukosefu wa tangazo. Sabuni haikuwa kwenye bajeti, fedha ilitakiwa ihamishwe kutoka kifungu kingine, dokezo likapanda likashuka kati ya idara, uhasibu na mkurugenzi, na Kamati ya Fedha ilikuwa haijakaa. Sheria yetu ya ununuzi wa umma ina utaratibu wake wa ununuzi wa dharura, kama ilivyokuwa kwenye ile ya 2011. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kile ambacho San Francisco ilikipata kwa tangazo la Februari, yaani kununua haraka, kwetu kina njia yake isiyohitaji tangazo la mtu yeyote. Nimewakuta maafisa wanaoijua njia hiyo na wanaogopa kuipita, kwa sababu mkaguzi atakuja mwakani, korona ikiwa imeshasahaulika, akiwa na kalamu nyekundu. Hofu hiyo siwalaumu nayo. Mkurugenzi anayesaini haraka anasaini peke yake.

Je, ningependa jiji la Mbeya lipewe mamlaka yake ya kutangaza dharura? Hapa sina msimamo imara. Upande mmoja nakumbuka Mei 2020, Zambia ilipofunga mpaka wa Nakonde na malori yakarundikana Tunduma. Uamuzi ulitoka Lusaka. Walioamka na foleni mlangoni ni watu wa Tunduma, na halmashauri yao haikuwa na kauli. Mji ulio kwenye barabara kuu kama hii yetu unapokea ugonjwa na hasara kabla ya makao makuu. Upande wa pili, dharura ya jimbo zima la California iliyotangazwa tarehe 4 Machi 2020 iliondolewa tarehe 28 Februari 2023, karibu miaka mitatu, na huko kuna mabaraza yenye sauti na mahakama zinazofikika. Nikimfikiria yule mama na sufuria zake, naogopa kuongeza mkono mwingine wa kutangaza kabla hatujafunga mikono inayotangaza sasa bila karatasi.

Ninachokitaka mwaka huu ni kidogo zaidi: sheria ndogo ya milipuko iandikwe sasa, wakati hatuna mlipuko, ikitaja nani anafunga genge, kwa notisi ya namna gani, kwa siku ngapi, na kifungu gani cha bajeti kinanunua sabuni. Rasimu ikibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata, muda wa pingamizi unaanza kuhesabika, na pingamizi linaandikwa kwa Mkurugenzi, si kwa meya.