Idrisa halina maana ya "msomi"

Juzi baada ya darsa ya alasiri, hapa Wete, alinijia baba mmoja ambaye akika ya mwanawe ni kesho yake. Jina keshachagua: Idrisa. "Maalim, si linatokana na *darasa* ya Kiarabu, yaani kusoma? Maana yake msomi mkubwa." Simu anayo mkononi, na simu ndiyo iliyomwambia. Nimeshachoka kulisikia hili.

Jina ni zuri, ampe mtoto. Maana hiyo ndiyo si yake. Fungueni msahafu, Suratu Maryam, aya ya 56: *Wadhkur fil kitabi Idrisa*. Itazameni ile herufi ya mwisho, sini: ina fat-ha (alama ya sauti "a") moja tu. Kisha nendeni Suratu Nuh, aya ya kwanza: *Inna arsalna Nuhan*. Hapo fat-ha ni mbili, nayo ndiyo tanwini, inayosomwa "an". Mtoto wa chuo cha Qur'ani anazisoma zote mbili bila kukosea, na sisi walimu hatumwambii kwa nini zimetofautiana.

Jina kama hili halinyimwi tanwini mpaka zikutane sababu mbili. Lingekuwa Idrisa limetoka kwenye *darasa*, lingebaki na sababu moja tu, kuwa ni jina la mtu, na tungesoma *Idrisan*. Hatusomi hivyo, kwa kuwa sababu ya pili ipo: ni jina la ajami, yaani asili yake si Kiarabu. Hoja hii Zamakhshari, mfasiri wa Qur'ani aliyefariki mwaka 1144, ameieleza katika tafsiri yake ya aya hiyo hiyo.

Wala msirukie kusema kila lenye tanwini ni la Kiarabu. Nuh na Lut ni ya ajami pia, ila yanapata tanwini kwa kuwa ni mepesi: herufi tatu, ya kati ina sukuni (haina irabu). Ya Kiarabu ni Hud, Salih, Shuaib na Muhammad.

Mengine ninayoulizwa kuhusu majina ya Mitume niyajibu kwa ufupi. "Mussa" na "Musa" ni jina moja. S mbili ni mazoea ya kuandika vyeti, Kiarabu kina sini moja isiyo na shadda (alama ya kukaza herufi). Na Mitume si 25 tu: hao ndio waliotajwa kwa majina, na Suratu Ghafir aya ya 78 inasema wako ambao hakusimuliwa Mtume habari zao.

Wapo wanaoingiwa na hofu wakisikia kuna majina ya ajami: Qur'ani si ya Kiarabu? Ni ya Kiarabu. Jina likishaingia ndimini mwa Waarabu wakalitamka kwa sauti zao, limekuwa lao. Meza tuliipata kwa Wareno. Nani Pemba anasita kusema "mezani"?

Na anayelazimisha mzizi wa Kiarabu anajinyima utamu. Ismail kwa Kiibrania ni "Mungu husikia". Someni Suratu Ibrahim aya ya 39: Nabii Ibrahim anamshukuru Mola kwa kumpa Ismail na Is-haka uzeeni, kisha anasema Mola wangu ni Mwenye kusikia maombi. Is-haka kwa Kiibrania ni "anacheka". Na katika Suratu Hud, aya ya 71, mama yake amesimama, anacheka, ndipo anapobashiriwa Is-haka.