Miligramu za mwisho ndizo ngumu: kuacha dawa za wasiwasi na usingizi ukiwa na daktari kwenye simu

Ujumbe unaonitisha kuliko wote huwa mfupi: "Daktari, nimeacha. Tangu juzi sijameza hata kimoja." Aliyeuandika anasubiri pongezi. Mimi humpigia hapohapo. Mtu aliyekuwa akimeza alprazolamu, lorazepamu, klonazepamu au diazepamu kila siku kwa miezi, akizikatisha kwa mkupuo, anaweza kuanguka degedege hata kama hajawahi kuugua kifafa maishani. Wengine huchanganyikiwa wakaanza kuona vitu visivyokuwepo. Kwa dawa zinazotoka mwilini haraka, hatari hiyo huja ndani ya siku chache za mwanzo. Kwa diazepamu, ambayo hukaa sana, inaweza kuchelewa wiki nzima au zaidi, na kuchelewa huko ndiko kunakowadanganya watu kwamba wameshavuka salama.

Mimi ni daktari wa magonjwa ya akili, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kuwasaidia watu kupunguza dawa hizi kwa simu ya video. Kupunguza dawa hakuhitaji ziara moja ndefu kila baada ya miezi mitatu. Kunahitaji mazungumzo mafupi ya mara kwa mara, dakika kumi leo, dakika kumi wiki ijayo, na hapo ndipo simu inapoishinda kliniki. Lakini simu hiyohiyo ina mahali inapogota, na daktari asiyejua inapogota usimkabidhi dawa zako.

Tuanze na kinachotokea kichwani. Ubongo una kemikali iitwayo GABA ambayo kazi yake ni kutuliza seli za neva. Dawa nilizozitaja, zote za kundi la benzodiazepini, huipa GABA nguvu zaidi, ndiyo maana kidonge cha kwanza huleta utulivu ambao mgonjwa hajauonja kwa muda mrefu. Dawa ikiingia kila siku, baada ya wiki kadhaa ubongo huanza kujirekebisha: vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli zinazoipokea, hupunguza usikivu wake, na upande wa kusisimua huongezewa nguvu ili kuleta mizani. Sasa iondoe dawa ghafla. Unabaki na ubongo uliojipanga kupambana na kitu ambacho hakipo tena. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakatika, mwanga unachoma macho, hata mlio wa kijiko kwenye sahani unakera. Vipokezi hurudi katika hali yake, ila kwa wiki na miezi, si kwa siku. Kupunguza taratibu ni kuupa ubongo muda huo tu, hakuna siri nyingine.

Wengi huja na aibu. "Lakini daktari, mimi si teja." Sijasema hivyo. Aliyemeza kidonge kimoja kila usiku kama alivyoandikiwa, hajaongeza, hajamdanganya mtu, mwili wake bado unaweza kuizoea dawa kiasi cha kugoma ikiondolewa. Kusaka dawa kwa kila njia, kujiongezea dozi na kushindwa kujizuia ilhali unaona madhara ni tatizo lingine, na tiba yake ni nyingine. Septemba 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru benzodiazepini zote ziwekewe onyo zito kuhusu matumizi mabaya, uraibu, utegemezi wa mwili na dalili za kuacha. Dawa ya kwanza ya kundi hilo iliingia sokoni mwaka 1960. Miaka sitini! Kwa hiyo aibu, kama ipo, si ya mgonjwa.

Simu ya kwanza kwangu ndiyo ndefu kuliko zote. Kabla ya lolote nauliza uko wapi sasa hivi, anwani kamili, na namba ya mtu aliye karibu nawe. Baadhi ya wagonjwa huona huo ni upelelezi. Ila mtu akianguka katikati ya mazungumzo, gari la wagonjwa nilipeleke wapi? Isitoshe, sehemu nyingi sheria humtaka daktari awe na leseni ya mahali alipo mgonjwa, siyo alipo yeye mwenyewe, na kwa baadhi ya dawa hizi unaweza kutakiwa uonane naye ana kwa ana kwanza.

Kisha namwomba alete dawa zote mbele ya kamera. Asinitajie, anionyeshe: maboksi, chupa, paketi zilizobakiwa na vidonge viwili, dawa za maumivu, hata mitishamba. Nasoma lebo mwenyewe, na hapo ndipo huonekana dawa ileile yenye majina mawili ya kibiashara, kila moja imeandikwa na daktari wake. Baada ya hapo namwambia anyooshe mikono, atanue vidole, aweke karatasi nyepesi juu ya migongo ya vidole. Mtetemeko mdogo ambao kamera haiuoni, ukingo wa karatasi huuonyesha bila kuficha. Halafu akae kimya dakika tano, apime presha na mapigo ya moyo kwa mashine yake, anisomee. Namba hizo ndizo nitakazolinganisha nazo kila tunapopunguza.

Kuna watu ambao simu ikiisha nawaambia wazi kwamba hii si kazi ya skrini. Aliyewahi kupata degedege. Anayekunywa pombe kila siku, kwa sababu pombe hugusa vipokezi hivyohivyo na kuviacha vyote viwili ni hatari juu ya hatari. Anayetumia dozi kubwa sana, au anayechanganya na dawa za maumivu za jamii ya morfini. Mjamzito naye anahitaji timu iliyo karibu naye, wala asiache ghafla kwa hofu ya mtoto. Na yeyote mwenye mawazo ya kujiua leo. Huyo dawa zake hatuzigusi, tunashughulikia usalama wake kwanza, na sikati simu mpaka nijue nani yuko naye.

Sasa mwendo wenyewe. Mwongozo wa pamoja uliotolewa Marekani mwaka 2025, ukiongozwa na chama cha madaktari wa uraibu, ASAM, unashauri kwa benzodiazepini kuanza kwa kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila baada ya wiki 2 hadi 4, na kwa kawaida usivuke asilimia 25 kwa wiki 2. Mimi huhesabu asilimia hiyo kwa dozi ya sasa, siyo ile mgonjwa aliyoanza nayo. Aliye kwenye miligramu 20 za diazepamu akipunguza asilimia 10 anafika 18, kisha 16.2, kisha karibu 14.6. Hatua zinazidi kuwa ndogo kadiri anavyoshuka. Linganisha na anayejikatia miligramu 2 kila mara: akiwa na 20 amekata sehemu ya kumi, akiwa na 4 amekata nusu nzima. Kisha anashangaa kwa nini mwanzo ulikuwa rahisi na mwisho umemtoa machozi.

Baadhi ya dawa zina tabu ya ziada. Alprazolamu hupungua mwilini kwa nusu ndani ya saa kumi na moja hivi, kwa hiyo wapo wanaopata dalili za kuacha kila siku, kati ya dozi moja na nyingine, wakidhani ndiyo wasiwasi wao wa zamani. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuacha dawa hizi Newcastle, Uingereza, kuanzia 1982 hadi 1994, alieneza mtindo wa kumhamishia mgonjwa kwenye diazepamu, inayoshuka mwilini polepole, ndipo apunguze. Kwa jedwali lake, miligramu 0.5 tu za alprazolamu zinakaribiana na 10 za diazepamu. Majedwali mengine hutoa namba tofauti, ndiyo sababu uhamisho hufanywa dozi moja baada ya nyingine, chini ya jicho la daktari. Wala haumfai kila mtu: kwa mzee, au mwenye ini lililochoka, diazepamu hujilimbikiza, akaanza kusinzia mchana na kuanguka.

Dawa za sonona nazo zina hesabu yake. Watu hawazisaki wala hawalewi kwazo, lakini mwili huzizoea, na kuziacha ghafla huleta kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, na ile hisia ya umeme kupita kichwani ukigeuza macho. Paroksetini na venlafaksini zinajulikana kwa usumbufu huo. Fluoksetini, kwa kuwa hukaa sana mwilini, huwa na afadhali. Mwaka 2019, watafiti Mark Horowitz na David Taylor walieleza katika jarida la Lancet Psychiatry kwa nini dozi za chini zina uzito kuliko zinavyoonekana. Sitalopramu miligramu 20 huziba takriban asilimia 80 ya vibebaji vya serotonini, kemikali ya ubongo ambayo dawa hizi huilenga. Ungedhani miligramu 5 zingeziba asilimia 20. La, bado zinaziba karibu 60, na hata chini kidogo ya miligramu 1 bado ni takriban 20. Ni kama ngazi ambayo vidato vya chini ni virefu kuliko vya juu: kutoka 20 hadi 10 hushtuki sana, kutoka 5 hadi sifuri unaruka kutoka darini. Kwa hiyo ukiambiwa "meza nusu kidonge wiki mbili, kisha acha", uliza tena.

Tatizo ni kwamba viwanda havitengenezi vidonge vya dozi ndogo namna hiyo. Kidonge kikigawanywa mara nne kwa kisu, vipande havilingani, na unga uliobaki mezani ni sehemu ya dozi. Diazepamu ya maji husaidia: ile yenye miligramu 2 katika mililita 5 hukupa miligramu 1 kwa mililita 2.5, na kwa bomba la sindano lisilo na sindano unaweza kushuka kwa hatua ndogo kabisa. Ninamtaka mgonjwa avute dozi yake mbele ya kamera mara ya kwanza, nione mstari gani anausoma. Kuna anayeshika bomba kichwa chini akasoma namba upande usio wake. Kwenye karatasi ya maelekezo kosa hilo nisingeliona kamwe. Vidonge vinavyoachia dawa polepole visisagwe wala kukatwa bila kumuuliza mfamasia. Na kuruka siku, kumeza leo kesho usimeze, hakupunguzi chochote: kunaupandisha na kuushusha ubongo kila baada ya siku moja.

Swali ambalo hutawala simu za katikati ni hili: dalili hizi ni za kuacha dawa, au ugonjwa umerudi? Naangalia mambo matatu. Kwanza, zimeanza lini: zilizokuja siku chache baada ya kupunguza zinashukiwa kuwa za kuacha, zilizokuja miezi baadaye, taratibu, pengine ni ugonjwa. Pili, kuna kitu kipya? Umeme kichwani, mwanga kuchoma macho, ngozi kuwaka, hivyo sonona ya zamani haikuwa navyo. Tatu, zinapanda na kushuka kama mawimbi, siku mbili mbaya, tatu nzuri? Jibu halipatikani kila mara, ndipo shajara inapofaa. Kila jioni mgonjwa aandike dozi, saa alizolala, na wasiwasi wake kuanzia 0 hadi 10. Mistari miwili inatosha. Anayeandika kurasa nne kwa siku namwomba apunguze, maana kuchunguza kila mpigo wa moyo nako huongeza wasiwasi.

Dalili zikizidi, hatukimbilii kurudi mwanzo. Mara nyingi tunasimama hapohapo kwa wiki kadhaa hadi mwili utulie, au tunapanda hatua moja, halafu tunaendelea kwa vipande vidogo zaidi. Kusimama si kushindwa. Kinachoharibu kazi ni kupanda na kushuka kila wiki kwa kufuata hali ya siku. Na kabla ya kumeza dawa mpya, nitumie ujumbe: siprofloksasini, antibayotiki ya kawaida kabisa, inaweza kuzidisha dalili kwa anayeacha benzodiazepini, na klarithromisini hupandisha kiwango cha alprazolamu mwilini, kisha ikiisha kiwango kinadondoka.

Kuhusu huduma za mtandaoni, nina wasiwasi na pande mbili. Kuna zinazoandika dawa hizi baada ya dodoso la dakika tano, na kuna zinazouza ratiba za kuacha zilizo sawa kwa kila mtu, hazijui ini lako wala historia yako. Huduma ya kweli utaitambua kwa maswali inayokuuliza, na kwa jibu lake ukiwauliza: usiku nikizidiwa, nampigia nani?

Si kila mtu hufika sifuri, na simlazimishi. Yupo anayeshuka kutoka miligramu 30 hadi 4, akalala vizuri, haanguki tena akielekea msalani, akasema hapa panatosha. Tunaandika hivyo kwenye faili, tutaliangalia tena mwakani.

Anayefika, dozi ya mwisho si miadi ya mwisho. Namwona wiki ya kwanza, kisha mwezi, kisha mwezi wa tatu, kwa sababu usingizi ndio huchelewa kurudi, na hapo mafunzo ya kitabia ya usingizi husaidia kuliko kidonge kipya. Simu hizo huanza na vidonge vilivyobaki nyumbani. Mwili uliokwisha kusahau dawa hauwezi tena kubeba dozi ya zamani, na anayeimeza usiku mmoja mgumu, hasa akiwa amekunywa pombe, anaweza kupumua kwa shida au asiamke. Virudishwe kwa mfamasia, nami naomba kuoneshwa droo ikiwa tupu.