Jicho la kuku: maswali na majibu

Kuku ana seli za aina ngapi za kuonea mchana?
Tano, zote ni koni. Nne hukaa mojamoja: ya wekundu, ya kijani, ya buluu na ya urujuani. Ya tano ni koni pacha, seli mbili zilizoshikamana, nazo ni kama 4 katika kila koni 10. Sisi binadamu tuna koni za aina tatu tu. Seli fimbo, za kuonea gizani, kwa kuku ni chache kuliko koni. Kwetu ni kinyume chake.

Zimepangwaje?
Tandaza kipande cha retina mbichi, utando wa nyuma ya jicho wenye seli hizi, chini ya hadubini. Utaona vitone vya mafuta vilivyomo ndani ya koni, vyekundu, vya manjano na visivyo na rangi, kama shanga zilizomwagwa mkekani. Ni vurugu, utasema. Sasa fuatilia vyekundu peke yake: hakuna viwili vilivyogusana, na kila kimoja kimejitenga na mwenzake kwa nafasi inayokaribiana. Aina nyingine nazo ni hivyohivyo, kila moja kivyake. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kuwa, ukipima eneo kubwa, koni zimeenea kwa usawa wa ajabu ingawa hazina mistari. Kwa hiyo hakuna pembe ya jicho inayokosa rangi fulani.

Kwa nini zisijipange kama sega la nyuki?
Koni za kuku hazilingani ukubwa. Vyumba vya jicho la nzi vinalingana, ndiyo maana vinakaa kwa pembe sita.

Rangi ya vitone hutoka wapi?
Chakulani. Ni karotenoidi, rangi za asili za mimea, zinazopatikana kwenye mahindi ya njano na majani mabichi. Kitone chenye rangi huchuja mwanga kabla haujafika sehemu ya seli inayounasa. Kware waliolelewa bila karotenoidi walibaki na vitone visivyo na rangi. Mahindi meupe karibu hayana kitu hiki. Ukiyategemea bila majani wala premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini wa kutia chakulani), vitamini A nayo hupungua: macho hutoa majimaji, kope hushikana, ndani hujaa uchafu mweupe mzito. Mafua ya kuku hufanana na hali hii, hivyo mwite daktari wa mifugo kabla ya kununua dawa.

Niwashie vifaranga taa usiku kucha?
Hapana. Mwanga usiokatika wiki kadhaa huifanya konea yao, utando angavu wa mbele ya jicho, ibapae na jicho livimbe. Wape angalau saa 4 za giza mfululizo, wakati uleule kila siku. Kama wangali wanahitaji joto, tumia jiko la mkaa lenye njia ya kutolea moshi, au chanzo kingine kisichotoa mwanga.